Ndege ya Babu Harithi

Mwanzoni Hafidha hakuogopa. Alishangaa tu kwamba ile ndege ilikuwa nzito.

Ilikuwa ndege ya kuchezea, ya chuma, mfano wa ndege za zamani za jeshi za kubeba mizigo. Uwesu, mumewe, aliinunua mnadani Ruangwa. Siku ya kwanza mtoto wao Harithi, wa miaka mitatu, aliirusharusha kwa mkono mmoja. Wiki mbili baadaye alikuwa anaikokota.

"Ina nini ndani?" Hafidha aliuliza.

"Chuma tu, mama Harithi. Acha mambo yako."

Mambo yake! Kliniki ya Lionja nesi alimpima mtoto, akakunja uso. Kapungua kilo mbili. Na anakula ugali kama mlima jamani! Hafidha alirudi mbio, akatoa mizani ya korosho, akaining'iniza ndege. Kilo mbili na nusu, kitu cha kiganjani!

Mchana huohuo, jua la utosi, harufu ya mafuta ya mashine na jasho la mwanaume ilijaa chumbani, kisha ukaja mngurumo wa chini chini, ukapanda kuta, ukatikisa vyombo kabatini, na katikati ya mngurumo ule Hafidha akamsikia mwanawe akinong'ona kwenye kimlango cha ndege, "Bado kidogo, babu. Tunapakia."

Wakamwita Bi Sikuzani, mganga wa Mkotokuyana.

"Mtoto mlimpa jina la nani?"

"La babu yangu," Uwesu alijibu kwa sauti ndogo. "Alikuwa mpakiaji uwanja wa ndege Nachingwea, enzi za ule mradi wa karanga wa Waingereza. Alipanda ndege ya jeshi, hakurudi."

"Unga mlimwaga, mkamwambia kwamba mnachukua jina lake?"

"Hatukumwaga," Uwesu alikiri. Unga humwagwa kaburini, na babu hana kaburi. Basi wakaacha.

"Mmechukua jina la mtu kimyakimya! Kaja na jini lake kulidai jina."

Akainyunyizia ndege unga wa mtama, akaomba radhi hadi jasho likamtoka. Kisha akamwambia Uwesu, "Kaizike. Ndilo kaburi lake."

Uwesu akaondoka na ndege na jembe. Harithi akapimwa, kilo zote zimerudi! Hafidha alicheka huku analia. Ndege hakuna aliyekumbuka kuipima.

Alasiri Harithi alimkimbilia mama yake, akikatiza katikati ya unga wa muhogo ulioanikwa mkekani.

"We Harithi! Unga wangu!" Hafidha akamdaka, bado anacheka, akautazama unga. Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Palikuwa na mistari miwili ya magurudumu, na mmoja mwembamba katikati, kama wa gurudumu la mkia wa ndege.

Mtoto mikononi mwake alinuka mafuta ya mashine.

"Mwanangu yuko wapi?" alinong'ona.

Mtoto akanyoosha kidole njiani. Uwesu alikuwa anarudi kutoka kuizika ndege, anapiga mluzi, jembe begani bado lina udongo mbichi.