Picha Kabla ya Salamu

Hezekia mpigapicha hakuipenda flashi. Flashi, alisema, inampa mtu sura ya mwizi aliyemulikwa. Alipiga picha za sura za watu asiowajua kwa mwanga wa dirishani tu, na kabla ya kuinua kamera alisalimia. Huku milimani mzee haanzwi kwa kamera, huanzwa kwa shikamoo.

Siku ile kijijini Mtae, haraka ilimponza.

Jua lilibakiza kidogo tu lizame. Alikuwa akirudi nyumba ya wageni alipoona mlango wazi wa nyumba ya udongo, ukingoni mwa kijiji. Ndani, bibi kizee ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, mwanga wa dhahabu umemwangukia shavuni. Hezekia alisahau hata jina lake.

"Bibi, usisogee," alinong'ona. "Tazama dirishani. Mwanga ni mzuri."

Kacha.

Bibi hakupepesa jicho. Mle ndani mlinuka majivu ya siku nyingi.

Kama kawaida yake, Hezekia akaikuza picha kwenye kioo cha kamera ayaone macho. Machoni mwa mtu huonekana kijidirisha kidogo, lile dirisha analolitazama. Akakuza. Akakuza tena...

Dirisha lilikuwemo. Lakini lilikuwa na pazia la bluu na nondo moja iliyopinda. Lilikuwa dirisha la nyumbani kwake, Lushoto mjini, saa kadhaa kwa basi. Kando ya pazia, kichwa kidogo chenye mabutu mawili ya nywele.

Janeth. Mwanawe wa pekee, miaka sita.

Alipoinua macho, kigoda kilikuwa kitupu.

Alitoka mbio hadi barabarani, akampigia mkewe.

"Shukrani! Janeth yuko wapi?"

"Si huyu hapa dirishani. Namwita ale, hasogei." Sauti ya Shukrani ikashuka. "Baba Janeth... anasema kuna bibi nje. Eti amemwambia asisogee. Mwanga ni mzuri."

"Mwondoe hapo!"

"Namvuta! Amekakamaa. Hapepesi macho... Yesu wangu, amekuwa wa baridi!"

Mwanamume mmoja wa rika lake, Hassani, aliyekuwa akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe, alisimama. Alikuwa ameona mlango aliotokea.

"Kaka, umeingia kwa Bi Saumu? Ulimwamkia?"

Hezekia akatikisa kichwa.

Hassani akatazama chini. "Tulimwita mchawi. Ushahidi hatukuwa nao, tulikuwa na midomo tu. Kijiji kizima tukaacha kumwamkia. Miaka tisa, mpaka tulipomzika."

Hezekia akapiga kelele kwenye simu. "Mnong'oneze Janeth aamkie! Aseme shikamoo bibi!"

Akaibana simu sikioni. Upepo tu.

Kisha, kwa mbali, sauti ndogo iliyokauka.

"Shikamoo, bibi."

Kikafuata kilio kikubwa cha mtoto, na Hezekia naye akalia palepale barabarani bila kuona aibu. Shukrani akamshikisha Janeth simu.

"Baba, bibi ameitikia marahaba. Amenishika kichwani."

"Ameondoka?"

"Ndiyo." Kwikwi. "Amesema wewe bado."

Jua lilikuwa limekwisha. Ndani ya nyumba ile, kigoda kililia kwa kukaliwa. Hassani hakumsindikiza. Hezekia akasogea peke yake hadi kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

Hakuna aliyeitikia. Akarudia mpaka sauti ikakauka.

Mwaka wa pili huu. Picha ile aliifuta, na watu hawapigi picha tena. Kila jua likizama anasimama kwenye lile dirisha la pazia la bluu, uso nje, anaamkia. Bado hajaitikiwa, na woga haujamtoka hata siku moja.

Juzi Janeth alikuja akamtazama kwa mshangao.

"Baba, mbona unaamkia nje? Bibi yuko nyuma yako," alinong'ona. "Anasema usisogee."