Fungu la Tano

Jioni ile nilienda Mugango kutafuta kete. Kete za kuchezea karata nyumbani, basi.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, madukani hakuna kitu, na pale kwetu Nyakato tulikuwa tunachezea vizibo vya soda. Anayeshinda anavuta vizibo vya wenzake. Tulicheza wanne: mimi, mke wangu Wegesa, jirani yetu Nyamhanga na mkewe Justina. Tulicheza kwa ajili ya mama. Tangu mdogo wangu Bernado apotee ziwani, mama aligoma kula, akajifungia chumbani, tukaona bora nyumba iwe na sauti za watu. Lakini vizibo vilimkera. Alisema vinamgonga kichwani. Isitoshe, Nyamhanga alikuwa anakuja na vyake mfukoni. Yule bwana kwa wizi mdogo mdogo hajambo.

Ufukweni nilimkuta fundi mmoja amekaa peke yake, shati limelowa mpaka mabegani. Mbele yake, juu ya gunia, kete za mbao. Nilizichambua kama mtu anayechagua maharage ya mbegu. Nzito. Unene mmoja. Ukizipanga haziangukiani. Kingo zimepigwa msasa. Nikaangusha moja juu ya jiwe... tuk. Sauti ya upole. Mama asingelalamika. Nyingine zilikuwa na rangi ya bluu iliyobabuka, sikujali.

"Mnachezaga wangapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wanne."

"Hizi ni za watano."

"Hatuna wa tano, fundi."

"Mnaye."

Akapokea mche wangu wa sabuni, akaunusa, akauweka mapajani. Sikumuuliza mbao imetoka wapi, na kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Mtumbwi uliopoteza mtu haupasuliwi, hata kwa kuni. Unaachwa ufukweni uoze. Mimi nilikuwa nimenogewa na uzito wa zile kete.

Nyumbani nikazigawa. Mafungu manne yakatimia, likabaki fungu zima. Nikaliweka pembeni ya mkeka, tukaanza kucheza.

"Wanzagi," Justina akanong'ona, "hilo fungu linaongezeka."

Nikamtazama Nyamhanga. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia. Nikaligusa lile fungu.

Lilikuwa limelowa.

Harufu ya ziwa ikajaa sebuleni, harufu ya magugu na matope. Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama akatoka, akaketi nyuma ya fungu la tano, akawa anapapasa hewa pembeni yake taratibu, kama anayembembeleza mtoto mgongoni.

"Wegesa, niletee ugali," alisema. "Na wa huyu."

Akala. Akamaliza.

Nikisema niliogopa nitakuwa ninadanganya. Mwili ulikufa ganzi tu, na ganzi ile haijaniisha mpaka leo. Kila jioni tulicheza, kila jioni mama alikula. Mashavu yakarudi. Hata Nyamhanga aliacha kuiba. Aliyeumia ni Wegesa. Yeye ndiye aliyepakua ile sahani ya pili, na asubuhi yeye ndiye aliyeikuta imejaa maji.

"Mimi siwezagi kumpakulia mtu nisiyemuona," aliniambia. "Azikwe."

Nikamwomba asubiri, nikaenda Mugango kwanza. Mtumbwi wa Bernado ulikuwa palepale ulipookotwa, wa bluu, unaoza. Ubao mmoja tu haukuwepo. Ule aliokuwa anakalia akipiga kasia. Nikamuulizia yule fundi.

"Fundi gani?" mama mmoja muuza samaki alinijibu. "Hapa hakunaga fundi."

Niliporudi, Wegesa alikuwa ameshazika. Kwetu aliyepotea ziwani huzikwa kwa mgomba, na mamake ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wegesa alichimba nyuma ya nyumba mama akiwa kanisani, akaulaza mgomba, akamwaga kete zote juu yake, akafukia.

Jioni mama alitandika mkeka mwenyewe. Akakaa. Akangoja... Kiza kikaingia.

"Umemweka wapi, mwanangu?" akamuuliza Wegesa.

Wegesa akainama.

"Ungeniita nikamuage."

Akarudi chumbani. Ugali wake ulikauka mezani, na wa kesho yake, na wa siku zilizofuata. Tulimzika mama kabla ya Krismasi.

Siku ya kuanua matanga, wageni walipoondoka, niliukuta mkeka umetandikwa sebuleni. Juu yake kete, zote, zina udongo. Wegesa hakupiga kelele. Alijifunga kanga vizuri, akaenda kuwaita Nyamhanga na Justina.

Nikagawa. Tulikuwa wanne. Mafungu yakatoka sita.

Ndivyo tunavyocheza mpaka sasa. La tano huwa limelowa. La sita ni kavu, na limekaa karibu kabisa na la tano. Wegesa anapakua sahani mbili, anaziweka pale, anaenda kulala bila kuniangalia. Asubuhi, ile ya Bernado inakuwa na maji.

Ya mama haijaguswa. Bado amegoma.