Pazia la Ofisi ya Ushauri

Feni ilikuwa ikilia. Mtathmini aliisikia tangu kwenye ngazi, krii, krii, ndani ya chumba kilichofungwa. Alifungua mlango, akatazama meza, na mkoba ukamponyoka mkononi. Kompyuta haikuwepo.

Inspekta alifika na sajini wake. Kufuli lilikuwa zima. Nondo za dirisha zilikuwa zima. Hakuna kilichovunjwa.

"Kulikuwa na nini humo?"

"Kazi yangu ya mwaka mzima, afande. Serikali inamlipa mshauri awafundishe mafundi cherehani wa soko hili kukuza biashara. Mimi nimetumwa kupima kama ushauri huo unasaidia, au kodi ya watu inamwagwa chini."

"Na unasaidia?"

Mtathmini, binti mdogo tu, aliinamisha macho. "Tulipiga kura ya bahati nasibu. Nusu ya mafundi wakapewa mshauri, nusu wakaachwa kama walivyo, ili tuwalinganishe. Wote wamekua sawasawa. Maana yake ushauri haukuongeza kitu. Ripoti ilikuwa iende wizarani leo, na ofisi hii ingefungwa."

"Nakala?"

"Ripoti niliimaliza jana, na mtandao umekatika wiki nzima. Sina."

"Nani ana ufunguo mwingine?"

"Profesa."

Ndiye mshauri mwenyewe, fundi mstaafu mwenye miwani minene na maneno mengi. Soko ndilo lililompa cheo hicho cha Profesa. Waliketi naye chumba cha mahojiano.

"Feni uliiacha wewe, mzee?"

"Mimi. Nasahau kila siku. Muulize yeyote."

"Ripoti uliisoma?"

"Niliisoma jana jioni, kwenye kiti cha binti yule, hadi mwisho."

"Ukakasirika."

"Nililia, afande. Kukasirika ni kazi ya vijana."

"Kompyuta iko wapi?"

"Sijui."

"Nani mwingine aliingia mle?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Sina la kuongeza."

Nje ya mlango sajini alisugua viganja. "Mkubwa, kesi imejipika yenyewe. Sisi kupakua tu."

"Imeiva upesi mno. Mwizi gani anakiri kila kitu isipokuwa wizi?"

Hata hivyo ufunguo ulikuwa wake, na sababu alikuwa nayo. Inspekta akamweka mzee mahabusu, shingo upande, kisha akarudi eneo la tukio.

Jua lilimpiga machoni mara tu alipoingia. Alisogea dirishani. Upande mmoja kulikuwa na pazia, upande wa pili patupu. Kulabu za pazia lililokosekana zilikuwa zimepangwa kwenye ukingo wa dirisha, moja baada ya nyingine. Mwizi angenyofoa. Aliyezifungua hizi alikuwa na nia ya kuzirudishia.

"Pazia la pili liko wapi?"

"Labda fundi mmoja wa sokoni amelichukua," alisema mtathmini. "Tulimwomba ashone upya pindo."

Mlinzi wa getini alikumbuka vizuri. "Alitoka jana jioni na bonge la pazia kifuani. Nikamtania, 'Umejifungua lini?' Hakucheka. Na yule hucheka hata akijichoma sindano."

Wakaenda sokoni, mtathmini akiwa nyuma yao.

Kibanda cha fundi kilikuwa kisafi. Nguo zilining'inia kwenye kamba, na kila moja imefungwa kipande cha kitambaa, nyekundu au kijani.

"Ndiyo mafunzo ya Profesa," mtathmini alinong'ona. "Nyekundu inatoka leo, kijani inasubiri. Hakuna kupokea kazi mpya mpaka nyekundu ziishe. Mteja anapata nguo siku aliyoambiwa."

"Fundi asiyesema njoo kesho?" alisema sajini. "Hapo serikali imefanya kazi."

Inspekta hakucheka. Alikuwa akitazama kibanda cha jirani. Nako vitambaa vyekundu, vya kijani.

"Huyu naye alipewa mshauri?"

Mtathmini alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Hapana. Yeye aliangukia upande wa kuachwa."

"Na yule wa ng'ambo ya kichochoro?"

"Naye aliachwa."

"Na yule pale mwisho?"

Mtathmini alitafuta kigoda, akakaa.

Inspekta alimgeukia fundi. "Dada, simamisha cherehani. Jirani yako ni nani wako?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

"Uliapa usimfundishe," mtathmini alisema kutoka kwenye kigoda.

"Niliapa. Sote tulioshinda kura tuliapa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Lakini tazama ukuta huu, afande. Mbao. Wateja wanamtukana mdogo wangu kwa kuchelewesha nguo, na mimi nasikia kila tusi. Ningeziba masikio kwa pamba? Nikamfundisha. Naye akamfundisha shoga yake. Baada ya hapo sikujua tena nani anamfundisha nani."

"Na jana?"

"Nilienda ofisini kuchukua pazia, nikamkuta Profesa analia. Akaniambia waliopata ushauri na waliokosa wako sawa, kwa hiyo yeye hana faida. Nikajua ni mdomo wangu uliomzika. Akatoka kunawa uso. Nikaifunga ile kompyuta ndani ya pazia, ripoti isiende. Sikufikiri mbali zaidi ya hapo."

"Ungemwambia mtathmini ukweli."

"Tuliambiwa atakayefundisha mwenzake ameharibu kazi ya serikali. Niliogopa jela."

"Ukaamua kuifuata kwa njia ya mkato. Sasa Profesa yuko mahabusu kwa ajili yako."

"Nani yuko mahabusu?" fundi aliuliza.

Mdogo wake alichungulia mlangoni. "Dada, mpe afande hiyo kompyuta."

Fundi aliinuka. Alivuta bonge la pazia chini ya meza ya kukatia. Kompyuta ilikuwa ndani, nzima. Pindo la pazia lilikuwa limeshashonwa.

Mtathmini aliipakata kompyuta, halafu akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. "Soko la ng'ambo ya mto halikupewa mshauri hata mmoja. Tulilipima pia, na halikukua. Nilidhani ni mkosi wao. Kumbe hapa ushauri uliwafikia hata tuliowanyima! Kosa ni langu. Nilipaswa kulinganisha soko na soko, si watu wanaopakana ukuta."

Kituoni, fundi aliandika maelezo yake, akatia sahihi. Mdogo wake akamdhamini. Inspekta alimwambia wazi kwamba kesi ipo, ila mwendesha mashtaka atajua kuwa mali imerudi salama na mlalamikaji anamwombea msamaha.

Kisha akamfungulia mzee mwenyewe.

"Uliona pazia halipo, ukajua."

"Nilijua."

"Kuficha jambo mbele ya polisi ni kosa, mzee."

"Basi nirudishe ndani. Ila mpe mtu kazi ya kuukung'uta mkeka wenu, una kunguni wenye vyeo."

Sajini aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Fundi alipiga magoti. "Baba, nilikuharibia."

"Inuka, mwanangu. Mwanafunzi anayefundisha mwenzake, huyo ndiye nimemtafuta maisha yangu yote." Akamgeukia mtathmini, na utani ukamwisha usoni. "Wataifunga ofisi?"

Binti alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Naandika upya, mzee, na masoko yote mawili nayaweka mezani kwao. Wizarani naipeleka mwenyewe, na siondoki mpaka waisome. Nakuahidi."