Bakuli la Mukiri

Karwirwa alisikia kijiko kikikwaruza bakuli, akadhani ni mumewe anamalizia chakula. Kisha akakumbuka kwamba taa ilikuwa imezimwa na Muthamia alikuwa amelala kando yake.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, pale alipokuwa akilala mama mkwe wake. Lakini mama huyo, Mukiri, alikuwa amezikwa kijijini Timau kabla ya mvua.

Alipojiinua asikilize, maumivu yakamshika. Yalianza kama moto chini ya kifua, yakashuka tumboni, yakawa kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria.

Kwenye zahanati walimwambia ni asidi. Asile mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi ya kupondwa, wala nyama usiku, ale vitu vyepesi, na ale mapema. Karwirwa aliinamisha macho. Maneno hayohayo aliwahi kuambiwa juu ya Mukiri.

Mukiri aliletwa kwao Majengo kwa sababu ya tumbo, ili awe karibu na hospitali. Daktari alisema apewe uji mwepesi jioni, asipewe chakula kizito. Lakini uji huo ulikuwa na kazi yake: kuwasha jiko tena, kumwinua mgonjwa, kumpangusa, kisha kufua shuka asubuhi, na huku Mwiti, mtoto wa kunyonya, analia mgongoni. Jioni moja Karwirwa akauruka uji ule. Mukiri akalala kimya, shuka likabaki kavu. Kesho yake akauruka tena.

Muthamia naye alitaka mama yake awe wa kwanza kupakuliwa. Kwa hiyo kabla hajarudi kutoka buchani alikofanya kazi, Karwirwa alipakua mukimo na nyama kwenye bakuli la mama. Na kwao, chakula kilichotiwa kwenye bakuli la mzee hakirudishwi sufuriani, wala hakitupwi. Basi Karwirwa aliketi nyuma ya pazia akakila mwenyewe, na mwenye bakuli akimtazama.

"Nipe kidogo, mwanangu," Mukiri alimwambia.

"Daktari amekataza, mama."

Muthamia alipouliza kama mama amekula, Karwirwa alijibu, "Ameshakula." Usiku mmoja Muthamia alifungua pazia. Akaitazama midomo ya mama yake iliyokauka, kisha bakuli lililong'aa mafuta ya nyama. Akapitisha kidole ndani ya bakuli, akakisugua kwa kidole gumba. Halafu akafunga pazia, akasema amechoka, akapuliza taa.

Sasa maumivu yalikuja kila usiku. Karwirwa alijaribu kulala bila kula, lakini giza lilipoanza kuingia njaa isiyokuwa yake ilimkamata, akala kwa mikono yote miwili mpaka sufuria ikabaki nyeupe, na taa ikishazimwa harufu ya mafuta yaliyoganda ilijaa chumbani, na kijiko kikaanza tena, si nyuma ya pazia sasa bali ndani ya tumbo lake, kikikwaruza polepole kama cha mtu asiyetaka kuacha hata punje.

Jirani alimpeleka kwa Bi Zuhura, mjane aliyeishi nyuma ya msikiti. Karwirwa alikuwa mtu wa kanisa, akaingia kwa mlango wa uani, leso imefunika uso. Hapo akaeleza yote kwa sauti ya chini. Bi Zuhura aliweka kiganja juu ya tumbo lake, akasoma dua, kisha akaondoa mkono haraka.

"Huyu si mama mkwe wako," alinong'ona. "Marehemu amepumzika. Huyu ni jini, na analishwa na uongo. Dua yangu itamtuliza tu. Atakayemtoa ni wewe, ukimwambia mumeo ulivyoniambia mimi."

"Na nikishindwa?"

Bi Zuhura alimtazama mtoto mgongoni. "Ukidanganya tena atanenepa, na tumbo lako halitamtosha."

Njia nzima Karwirwa aliyapanga maneno. Lakini Muthamia aliingia amechoka, na jicho lake lilikuwa la mama yake kabisa. Akauliza kule zahanati walisema nini juu ya tumbo lake.

"Ni asidi tu," akasema Karwirwa.

Papo hapo maumivu yakaondoka. Aliona aibu kwa furaha aliyoisikia, lakini alilala, na alilala usingizi mzito.

Kilichomwamsha ni kijiko. Hakikuwa nyuma ya pazia, wala ndani yake. Kilikuwa karibu na titi lake, na alipopapasa akagusa tumbo la Mwiti, gumu na lililovimba kama ngoma, na alipowasha koroboi akamwona mtoto yu macho, halii, anamtazama kama alivyotazamwa nyuma ya pazia, na katika kinywa kile ambacho hakikuwa na jino hata moja wala hakijawahi kuonja kitu zaidi ya maziwa yake, ilitoka harufu ya mukimo na mafuta ya nyama.

"Baba Mwiti, amka." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama hakuwa akila. Kile chakula nilikuwa nakila mimi. Hata uji sikumpa. Kila nilipokuambia ameshakula, nilikudanganya."

Mtoto akabeua kwa nguvu. Tumbo likalegea chini ya kiganja cha mama yake, kisha akalia kilio cha kawaida cha njaa. Karwirwa akamnyonyesha huku akingoja kupigwa au kufukuzwa. Lolote kati ya hayo lingekuwa nafuu.

Muthamia aliketi ukingoni mwa kitanda, ametazama pazia. Kwenye mwanga wa koroboi, kidole chake kilisugua kidole gumba, taratibu, kama cha mtu anayefuta mafuta.

"Sikujua," akasema.

Akajilaza, akageukia ukuta. Karwirwa alitaka kumsihi alirudishe neno hilo, lakini kijiko kilikuwa kimeshaanza kukwaruza, polepole, upande wa kitanda alikolala Muthamia.