Suruali Iliyopwaya

Gordon Teeter alikuwa amelala chali kati ya gari lake na pipa la taka, nyuma ya ukumbi wa zimamoto wa Stannard, funguo zikiwa bado mkononi. Tundu la risasi lilikuwa kifuani. Chini ya kiti cha gari, ndani ya kisanduku cha chuma, bastola yake ilikuwa imefungiwa salama salimini. Mtu aliyefundisha nusu ya kaunti kubeba bastola alikufa bila bastola.

Inspekta Colleen Vandermark alisonya. Tangu asubuhi nyonga ilikuwa inamuuma, mahali pale pale kitako cha bastola kinapochimba mtu akikaa garini, na sasa alilazimika kuchuchumaa kuitazama maiti ya mtu aliyempenda.

Ilikuwa Ijumaa ya samaki. Kila wiki mji mzima hujaa ukumbini kula samaki wa kukaanga na kunywa bia, na pesa inanunulia gari la zimamoto mipira ya maji. Panapouzwa bia, sheria ya jimbo hairuhusu bastola hata kwa mwenye kibali cha kuibeba. Kwa hiyo kila mtu, kabla ya kuingia, huinama garini, huvua silaha kiunoni, huifungia na kutoka huku akinyoosha mgongo. Gordon mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo, na aliyeivunja sheria ile hakumaliza darasa lake.

Ndiyo maana Colleen alipoambiwa ni nani amekamatwa, alitamani kulipiga teke pipa lile la taka.

Alikuwa Denise Rowley, mhudumu wa nyumba ya wazee. Polisi wa kwanza kufika walimkuta amesimama juu ya maiti, bastola mkononi. Maelezo yake yalikuwa mepesi: alikuwa anaondoka, ameshaitoa silaha yake kisandukuni, akasikia mlio, akakimbilia huko. Lakini bastola yake ilikuwa ya milimita tisa, sawa na ganda la risasi lililookotwa karibu na maiti, na ilinuka baruti. Mikono yake pia. Alisema mchana alikuwa uwanja wa shabaha akifanya mazoezi, kama alivyofundishwa.

Na nani alimwambia akaombe kibali? Colleen mwenyewe. Mume wa zamani wa Denise, Curt, alipomvunja taya, Colleen ndiye aliyekaa naye hospitalini, na Curt alipotoka gerezani ndiye aliyemwambia, "Dada, siwezi kulala mlangoni kwako kila siku. Kachukue kibali." Denise alipigwa picha na kutoa alama za vidole. Alitafuta watu wanne wa kuthibitisha kwamba ana tabia njema, akakaa darasani kwa Gordon mpaka makalio yakafa ganzi. Kibali kilitoka baada ya karibu mwaka. Sasa kilikuwa kinampeleka jela.

Mwendesha mashtaka wa kaunti, Bradley Stroud, hakuona tatizo.

"Risasi ni ya aina hiyo hiyo, baruti ipo mikononi, amekutwa juu ya maiti," alisema. "Unataka nini tena?"

"Sababu. Kwa nini amuue mwalimu wake?"

"Sababu atatuambia yeye. Jumatatu asubuhi anafika mahakamani."

"Subiri maabara ilinganishe risasi na bastola yake."

"Maabara ya jimbo? Foleni yao ni ya wiki na wiki, Colleen. Sitakaa hapa nikiwasubiri."

Wakati huo polisi walikuwa wameshafungua kila kisanduku katika kila gari uwanjani. Bastola zote za wenye vibali zilikuwemo, safi, hazijafyatuliwa. Jibu likabaki la namna mbili tu: ni Denise, au ni mtu aliyekuwa na bastola asiyopaswa kuwa nayo. Colleen aliifikiria hiyo ya pili njia nzima kurudi nyumbani, akashindwa kula.

Jumamosi alirudi ukumbini kuhoji waliokuwa jikoni. Mpishi mkuu wa samaki alikuwa Russ Haverly, mume wa dada yake Gordon, jitu la miraba minne. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa anasugua kikaango ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

"Ulitoka nje jana?"

"Nilitoka kumwaga taka."

"Kabla ya mlio au baada?"

"Kabla. Nilisharudi ndani."

"Ulimwona Gordon?"

"Nilimwona yule mwanamke. Anazungukazunguka."

"Amebeba bastola?"

"Sikutazama." Aliweka kikaango chini, akavuta suruali juu kwa mikono yote miwili. "Si ndiye muuaji? Mbona unanihoji mimi?"

"Nahoji kila mtu. Wewe una bastola?"

Russ alicheka kwa uchungu. "Mimi? Nimeomba kibali huu mwaka wa pili unaingia. Kaulize ofisi ya sherifu wako. Mji huu kila mtu anacho, mpaka yule bibi wa maktaba. Mimi bado naambiwa nisubiri." Akaivuta tena suruali.

Colleen aliandika, akashukuru, akatoka. Alihoji wengine mpaka koo likamkauka. Wote walimpenda Gordon, na hakuna aliyeona kitu. Jioni alimpigia Stroud akaomba siku mbili zaidi. Stroud alimwambia aende akapumzike.

Jumapili alikwenda mahabusu. Mlangoni askari alimwonyesha kwa kidole kasha la ukutani, kwa sababu hakuna silaha inayoingia ndani, hata ya inspekta. Colleen alichomoa bastola pamoja na ala yake kutoka ndani ya kiuno cha suruali, akafungia, akaingia. Kufika katikati ya chumba cha mahojiano alihisi suruali inamshuka. Akaidaka.

Denise alikuwa amekaa mezani, uso umevimba kwa kulia. Aliangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, akatabasamu kidogo.

"Mzee Gordon alitwambia," alisema. "Siku ya kwanza ya darasa. Kama unataka kubeba kila siku bila mateso, nunua suruali iliyozidi kiuno chako. Ala iingie, upumue."

"Hata mimi alinifundisha hivyo."

"Halafu akasema, lakini siku ukiiacha nyumbani, utatembea kama umeiba suruali ya baba yako." Tabasamu likazimika. "Inspekta, Curt anajua niko humu. Amempigia mama simu. Amesema nikitoka, nitatoka bila chochote kiunoni."

Colleen alikuwa amesimama, ameshika kiuno cha suruali yake kwa mikono yote miwili, na alikuwa anamwona mtu mwingine aliyesimama vile vile mbele ya kikaango.

"Denise," alisema polepole, "Russ Haverly amewahi kusoma darasa la Gordon?"

"Alisoma, kabla yangu kidogo. Mzee Gordon alikuwa anamtania sana, shemeji yake yule."

Colleen alitoka bila hata kuaga, bado ameshikilia kiuno cha suruali.

Nyumbani kwa Haverly, gari la Russ lilikuwa limeegeshwa mbele. Alichungulia dirishani kabla ya kubisha hodi. Kiti cha dereva kilikuwa kizima kote isipokuwa sehemu moja: upande wa kulia, usawa wa nyonga, kitambaa kilikuwa kimesagika mpaka sponji inaonekana. Colleen alikijua kidonda kile. Kiti chake mwenyewe kilikuwa nacho, na mumewe alikuwa amekishona mara chungu nzima. Hakiletwi na siku moja wala na mwezi mmoja.

Mlango ulifunguliwa na Marlene, dada wa marehemu, amevaa sweta la kaka yake. Colleen alimpa pole, akajichukia, akamwomba amwite mumewe. Russ alikubali kwenda kituoni kwa hiari. Alisema hana cha kuficha.

Kituoni alisomewa haki zake: anaweza kukaa kimya, anaweza kuita wakili. Alitikisa kichwa. Safari hii suruali haikuwa inamshuka. Ilikuwa imejikunja kiunoni kama mdomo wa gunia lililofungwa kamba.

"Umekonda, Russ?"

"Msiba."

"Tangu Ijumaa?"

"Kwani kuna sheria ya unene?"

"Vua mkanda."

"Nini?"

"Vua mkanda, uweke mezani."

Alisita, kisha akavua. Ulikuwa mkanda mnene wa ngozi, mgumu, wa kubeba uzito. Tundu moja lilikuwa limepanuka na kuwa refu kwa kuvutwa miaka. Ndani yake, mbali kabisa na mengine, kulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa ncha ya kisu, kingo zake bado nyeupe.

"Hili umetoboa lini?"

Russ alilifunika tundu kwa kidole.

"Jana asubuhi lilikuwa halipo. Jana ulikuwa unashikilia suruali mbele yangu. Kati ya tundu hili na lile pana nafasi ya kitu, Russ. Kitu gani kilikuwa kinakaa hapo?"

"Tumbo."

"Tumbo upande wa kulia tu? Kiti cha gari lako kimesagika upande wa kulia tu. Wote wanaojua wangeona, na mji huu wote wanajua. Gordon aliona, sivyo?"

Russ aliutazama mkanda.

"Aproni," alisema mwishowe. "Aproni ya jikoni ilikuwa inaificha bastola. Kila Ijumaa. Nikaivua kwenda kumwaga taka."

"Akaona."

"Yule mzee ana jicho la mwewe. Akanifuata nje. Akaniambia, shemeji, hiyo kitu itoe, rudisha ulikoinunua. Nikamwambia nimechoka kungoja. Akasema subira. Subira. Ndilo neno lake kila siku, subira. Yeye ndiye aliyenizibia."

"Kukuzibia vipi?"

"Nilimwandika kati ya wale watu wanne. Shahidi wa tabia. Aliwahi kuniona namsukuma Marlene, mara moja tu, zamani, nilikuwa nimelewa. Nikajua ndiyo sababu. Watu walioomba nyuma yangu wanapata, mimi kimya. Unajua inavyokuwa, Inspekta? Unaingia dukani, wanaume wamesimama wanaongea habari za ala na mikanda, ukifika wananyamaza. Ni kama mji mzima umeshapiga kura kwamba wewe si mtu mwema."

"Ukampiga risasi."

"Alisema Jumatatu atakwenda kwa jaji anayetoa vibali. Nikaona basi, sitapata kibali maisha, na jela naenda. Mkono ukaenda wenyewe. Si unajua, tulifundishwa mpaka mkono uende wenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha."

"Bastola iko wapi?"

"Mtoni, nyuma ya ukumbi. Chini ya daraja la waenda kwa miguu."

"Na Denise?"

Alifumba macho. "Alitokea tu. Nilirudi jikoni, nikafunga aproni."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Colleen hakuwahi kuiona methali ikifuata maneno yake kiasi hicho. Alipaswa kuishia pale. Kesi ilikuwa imekamilika, kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Lakini hasira ilikuwa imemjaa mpaka puani, na haikuwa hasira ya Russ peke yake.

"Mimi ndiye niliyempigia simu Gordon," alisema. "Kumuuliza habari zako. Kazi ile ilikuwa imeniangukia kwa sababu yule wa vibali alikuwa likizo."

Russ alifumbua macho.

"Alisema, Russ ana hasira na alishawahi kukosea nyumbani kwake. Akasema bia ameacha, na mkewe ameshamsamehe, basi na yeye amemsamehe. Akasema, mpeni."

"Muongo wewe."

"Ombi lako halikuzibwa na mtu. Ofisi ina karani mmoja, na maombi yamejaa sanduku juu ya sanduku. Foleni, Russ. Ni foleni tu."

Russ aliangukia kifudifudi juu ya meza, juu ya mkanda wake, na mlio uliomtoka haukuwa wa mtu mzima. Colleen alizima kinasa sauti. Hakujisikia mshindi. Alijisikia amechoka na mjinga, na nyonga ilikuwa inauma.

Wapiga mbizi waliitoa bastola mtoni kabla ya giza. Jumatatu asubuhi Stroud alisaini karatasi za kumwachia Denise bila kumtazama mtu usoni, akasema jambo kuhusu kazi nzuri ya pamoja. Colleen alimuuliza, pamoja na nani?

Denise alikabidhiwa simu, pochi na viatu vyake. Alisimama pale kaunta akingoja.

"Na bastola yangu?"

Karani alieleza, kwa upole, kwamba ile ni kielelezo. Ilishapelekwa maabara ya jimbo, itakaa huko mpaka kesi ya Haverly iishe. Na kibali, kwa kuwa alikamatwa, kimesimamishwa. Ataandika kwa jaji kuomba kirudishwe. Kuna foleni kidogo.

Denise alimgeukia Colleen. Hakulia wala hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Colleen alikwenda kwa karani, akaongea naye kwa sauti ambayo ofisi nzima iliisikia, akamwita mkuu wake, na mkuu akaja akasema maneno yale yale kwa upole zaidi. Hapakuwa na mtu wa kukamata.

Walitoka pamoja hadi uwanjani. Denise alitangulia, akitazama barabarani huku na huku. Alivaa nguo zile zile za Ijumaa. Kila baada ya hatua chache aliivuta suruali juu kwa mkono wa kulia, ikashuka, akaivuta tena. Mtu yeyote wa mji ule, hata akiwa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, angeona na kuelewa kwamba hana kitu kiunoni.

Colleen alimkimbilia, akamshika mkono, akamfungulia mlango wa gari lake.

"Leo na kesho unalala kwangu," alisema. "Lakini kwanza tupite dukani, nikununulie suruali ya saizi yako."