Kamera ya Bi Mwanamkasi

Kitambuzi kilipepesa taa zake za buluu juu ya chuma kizito chenye mpini wa mbao, kikatamka: "Pasi ya mkaa." Ukumbi wa makumbusho ya Tanga ukashangilia. Enzi hizo nguo zilijinyoosha zenyewe, na mkaa watu waliusikia tu. Mashine hiyo ilikitazama kitu kila upande, ikakilinganisha na kumbukumbu za dunia nzima, na haikuwahi kukosea. Aliyeiunda, Mhandisi Sifuni Mbwambo, alisimama kando yake akijisikia kweli kweli.

Aliyefuata alikuwa mjane mmoja, Bi Mwanamkasi. Alifungua kanga, akatoa kisanduku cheusi chenye lenzi mbele.

"Nataka kujua ni cha aina gani, mwanangu, nitafute fundi wa kuitoa picha," alisema. "Humu imo sura ya binti yangu, marehemu Saumu. Picha zake nyingine zote zilipotea setilaiti ya kumbukumbu ilipoanguka."

Kitambuzi kilikizunguka kisanduku. "Naomba kuona ndani."

Sifuni akashika kilango cha nyuma. Bi Mwanamkasi akanyoosha mkono kumzuia.

"Ngoja kwanza, mume wangu alinikataza nisi..."

"Bibi, mashine yangu haihitaji hadithi," Sifuni akamkata. Watu wakacheka, naye akafungua. Utepe wa kahawia ukang'aa chini ya taa za ukumbi.

"Kamera ya filamu, karne ya ishirini," kitambuzi kikatamka. "Filamu ambayo haijasafishwa huungua ikipigwa na mwanga. Ifunguliwe gizani tu."

Makofi yakarindima. Watu walisikia jina, mengine hawakuyajali. Sifuni aliyasikia yote. Akakifunga kilango haraka, kama mtoto anayerudisha kifuniko cha sufuria baada ya kudokoa nyama, uso ukimuwaka kwa aibu.

"Kwa hiyo picha itatoka?" Bi Mwanamkasi aliuliza, akitabasamu.

Angeweza kumdanganya. Nani angejua?

"Haitatoka, mama," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimeiunguza mimi, sasa hivi, nilipofungua."

Tabasamu likamtoka mama wa watu. Akaichukua kamera, akaiviringisha tena kwenye kanga taratibu, akiilainisha mikunjo kwa kiganja.

"Basi, usijilaumu, mwanangu," alisema. "Kosa langu. Ningepaza sauti, ungenisikia."

Sifuni alikuwa amemsikia vizuri tu. Alifungua mdomo amwambie hivyo, akashindwa.