Kivuli Juu ya Bwawa

Kunguru alikuwa mwoga wa kutupwa. Jina lenyewe alibandikwa na watoto wa jirani, maana chura akiruka, yeye keshafika barabarani. Kwa hiyo dada yake, mfugaji wa samaki, alipomkuta amesimama kwenye tope, nyoka anampitia juu ya mguu naye anatabasamu, hakucheka. Moyo ulimpiga paa.

"Toka hapo, we!"

"Kwani kafanya nini, dada? Si anapita zake tu."

Pale bwawani dada alikuwa na mtindo wake wa kupima samaki. Alipitisha kofia juu ya maji, kivuli kikapita. Perege wazima walizama wote mara moja. Wenye minyoo walibaki juu, matumbo meupe nje, wakimngoja korongo awameze. Mnyoo unachotaka ni tumbo la korongo, huko ndiko unakokomaa. Perege ni gari lake tu.

Basi akampitishia mdogo wake kofia usoni, ghafla, nusura impige pua. Hakupepesa hata jicho.

"Umekunywa nini wewe?"

"Maji. Juzi nilivyonyonya mpira wa maji kule bwawa la zamani, yalinishuka kidogo. Mbona nimepona woga, hufurahi?"

Pampu ilishakufa siku nyingi. Kutoa maji pale ilikuwa ni kunyonya ncha ya mpira mpaka yaje, kisha utemee mbali. Wote walifanya hivyo.

Tangu hapo Kunguru hakutulia. Anaenda, anarudi, anaenda tena. Jua likifika utosini, utamkuta ukingoni. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikaingia ndani, kwenye mito, mpaka kwenye chai. Halafu mchana mmoja dada akamkuta anaelea chali katikati ya bwawa la zamani, shati limefunuka, tumbo nje, na juu yake kinapita kivuli cha mbawa, kipana kuliko nyumba, kikazunguka, kikapita tena chini zaidi, na mbingu nzima nyeupe, haina ndege wala wingu, na mbawa zinasikika zikipiga taratibu kama mtu anakung'uta blanketi, dada akajitupa majini na nguo zake, akamkamata ukosi, akamburuta huku analia huku anamtukana, mpaka chini ya paa la bati, na huko juu kitu kizito kikatua, kikakwaruza, kikanyamaza.

"Niachie, dada," Kunguru alinong'ona. "Ananisubiri."

"Nani?"

"Mwenyewe."

Mganga ambaye dada alimwita alikuwa mama wa makamo. Alinusa mlangoni tu, akashusha sauti.

"Ni jini mdogo. Hana haja na nduguyo, mwanangu. Anataka aliwe na yule mkubwa wa juu, akakomae tumboni mwake. Ndiyo maana kamnyang'anya hofu."

"Nitolee, mama. Sina ndugu mwingine mimi."

Akamfukiza, akamnywesha, akamkandamiza tumbo. Kunguru akatapika uzi mweusi mrefu, ukawa unajikunjakunja kwenye beseni, mpaka mganga alipoumwagia majivu ya moto. Mara mjusi akadondoka kutoka darini. Kunguru akapiga yowe, akaruka juu ya meza. Dada akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwoga wake amerudi!

"Lile bwawa lina ndugu zake," mganga alisema akiondoka. "Likaushe leo leo."

Dada hakungoja. Alikokota mpira, akazamisha ncha moja bwawani, nyingine akaitia mdomoni, akanyonya kama alivyonyonya miaka yote. Maji yakaja kwa nguvu. Akapaliwa, akakohoa, akatema, akajifuta mdomo.

Bwawa lilipofika nusu, aliacha kuangalia juu. Jua lilikuwa zuri ajabu. Akaingia majini mpaka kiunoni, akajilaza apumzike kidogo.

Mlangoni Kunguru alikuwa ameng'ang'ania nguzo, anapiga kelele mpaka sauti inakatika.

"Dada! Juu! Angalia juu!"

Alitaka kumkimbilia, alitaka kwa roho yake yote, lakini hofu aliyorudishiwa ilikuwa nzima na miguu ikamgomea.

Kivuli kikampitia dada usoni. Hakupepesa. Alijiuliza tu huyu mtoto ana nini tena leo, kisha akafungua vifungo vya blauzi, jua limpate vizuri tumboni.